Rangi ya Sifa

Tulimzika Faida siku ya Jumamosi, mvua ikiwa imekatika asubuhi ile ile, na baada ya mazishi tukarudi Katwe kukaa msibani kwenye nyumba aliyoishi miaka yake ya mwisho, nyuma ya mafundi wa sufuria na sigiri za mkaa. Mafundi walikuwa wameziweka nyundo chini kwa heshima yake, na kwa mtu anayeijua Katwe ukimya ule ulikuwa mzito kuliko kilio. Niliketi mkekani pamoja na wanawake wa kanisa lake, karibu wote Wakongo, tukila wali na maharagwe kwenye sahani za plastiki. Binti yake Sifa alikuwa akipita na birika la chai, mwanamke mzima sasa, mrefu hata ikambidi ainame kila alipofika kwenye kamba ya turubai. Nyuma yangu mwanamke mmoja akamnong'oneza mwenzake kwamba huyu binti hakufanana na marehemu hata kidogo. Mwenzake akajibu kwamba labda alimfuata baba. Wakaendelea na chai yao. Hawakusema kwa ubaya, wala hawakujua walichokigusa. Lakini mimi niliweka kijiko chini, maana kuna mwaka mmoja wa ujana wangu ambao niliusikia mnong'ono huo karibu kila siku, na niliona ulivyoila nyumba ya watu waliokuwa wakipendana.

Mwaka huo nilikuwa nikisoma baiolojia, mwaka wa pili chuoni. Jinsi msichana wa Bukoba alivyofika Kampala si habari ya maana hapa. Nilipanga Wandegeya, nyuma ya soko, chumba kimoja katika mstari wa vyumba vile ambavyo huko huitwa mizigo: mlango mmoja, dirisha moja, na ukuta usiofika kwenye bati. Pengo lile kati ya ukuta na paa lilipitisha kila kitu, moshi, redio, sala za alfajiri, ugomvi, harufu ya mawese. Upande wangu wa kushoto aliishi Faida, aliyekuwa amekimbia vita kwao Bukavu na sasa alikuwa akipika kwenye mgahawa mdogo wa wanafunzi. Alikuwa amenizidi umri kidogo tu, lakini aliniita Dada Koku tangu siku ya kwanza, na jioni alizoea kunigongea ukuta kwa mwiko, maana yake sombe, mboga yake ya majani ya muhogo, imebaki, lete sahani. Chumba chake kilikuwa sawa na changu kwa ukubwa lakini kilionekana kikubwa zaidi, sijui alifanyaje. Kitanda kilizungushiwa pazia la kitenge, vyombo vilipangwa juu ya sanduku kwa mpangilio wa ukubwa wao, na sakafu aliipiga deki hata siku ambazo maji ilibidi tuyachote mbali.

Mumewe alikuwa mwanajeshi, Koplo Okot, Mwacholi wa kaskazini, mtu mweusi ti, mwenye sauti ya chini na aibu nyingi isiyolingana na gwanda lake. Alikaa kambini na kuja kila alipopata ruhusa. Lugha yao ya nyumbani ilikuwa Kiswahili, kwa sababu hawakuwa na nyingine ya kuchangia. Yeye cha jeshini, Faida cha Bukavu, na kila mmoja aliona cha mwenzake ndicho kibovu. Niliwasikia juu ya ukuta wakisahihishana na kucheka. Okot akisema, "Mimi nataka chai ile iko moto," na Faida akimjibu, "Banasemaka chai ya moto, Okot, useme vizuri," hali yeye mwenyewe alikuwa akikivunja vilevile. Nilipokuwa nikisoma chini ya balbu yangu hafifu, vicheko vile vilinifanya nione kwamba ndoa huenda ni jambo zuri. Baadaye sikuwahi kuwa na hakika hiyo tena.

Sifa alizaliwa mapema mwaka ule, akiwa mweupe. Hilo halikumshtua mtu. Watoto wetu wengi huzaliwa hivyo, kisha rangi yao inawafikia polepole, na kila bibi anajua kuangalia ncha za masikio ili kuitabiri. Mwenye nyumba wetu, ambaye wote tulimwita Nnalongo kwa kuwa alizaa mapacha, alikuja na sabuni ya mtoto, akamgeuza Sifa kichwa huku na huku, akayaangalia masikio. Nayo yalikuwa meupe. Akaguna. Wiki zilipita na mtoto akabaki vile vile, wa rangi ya mahindi yaliyokauka, mweupe kuliko mama yake ambaye alikuwa maji ya kunde, na usingethubutu hata kumlinganisha na baba yake. Siku moja, tukiwa wote uani tunafua, Nnalongo akasema mbele ya wapangaji, kwa ule ulimi wake wa Kiganda uliobadilisha herufi, "Huyu mutoto alitoa wapi langi hii?" Watu wakacheka kidogo. Faida naye alicheka. Lakini kuanzia siku hiyo watu walikumbuka kwamba jirani na mgahawa alikofanya kazi palikuwa na duka la fotokopi, na mwenye duka alikuwa mtu mweupe vilevile, aliyependa sombe ya Faida. Ushahidi wote ulikuwa huo, kwamba mtu alipenda sombe.

Maneno yalimfikia Okot kambini kabla hajafika nyumbani. Ruhusa iliyofuata alikuja, akala, hakumchukua mtoto mikononi. Niliyasikia mazungumzo yao, na ingawa zamani niliona aibu kusikia, sasa nashukuru kwamba mtu wa tatu aliyasikia, kwa sababu wawili wale wote wamekwisha kufa. Okot aliuliza kwa upole. Hakufoka, hakumpiga, alirudia tu swali moja kwa maneno tofauti. Faida alijibu mara ya kwanza, akajibu mara ya pili, kisha akasema jambo ambalo sijalisahau. "Okot, kule kwetu niliona mutu anauawa juu ya pua yake. Walimusimamisha barabarani, wakamwangalia pua na urefu, wakasema wewe ni wa upande ule. Mie nilikimbia hiyo. Nilizani hapa mutu hatanipima mutoto wangu kwa macho." Nilisikia kitanda kikilia, kisha viatu vya Okot mlangoni.

Baada ya hapo Faida alianza kumwanika mtoto juani. Sina neno jingine. Nilirudi kutoka darasani saa nane mchana nikamkuta amekaa kwenye ngazi, Sifa mapajani, amevuliwa nguo zote, amepakwa mafuta, na jua la Kampala linawaka. Nikadhani anampa joto baada ya kuoga. Siku iliyofuata nikawakuta tena, na iliyofuata. Mtoto alikuwa akigeuza uso na kulia, na Faida akimgeuza naye, kama mtu anayegeuza samaki kwenye wavu wa kuchomea. Nilimchukua mtoto nikamwingiza ndani. Mabega yake yalikuwa mekundu. Faida alibaki amekaa palepale mikono ikiwa wazi, akasema, "Kidogo tu, Dada. Atoke tu kidogo rangi ya baba yake." Nilimpaka mtoto maji baridi, tukakaa ndani mpaka jua likashuka.

Ilitokea kwamba muhula huohuo mwalimu wetu wa jenetiki, Daktari Nalwanga, alitutoa darasani na kutupanga kwenye majani mbele ya maabara, kuanzia mfupi hadi mrefu, kila kimo na safu yake. Wale wa katikati wakajazana safu ndefu, wa pembeni wakabaki mmojammoja, na tulipotazamwa kutoka ghorofani tulifanya umbo la kilima. Alituuliza tumwonyeshe mahali ambapo wafupi wanaishia na warefu wanaanzia. Kila tuliyemtaja, jirani yake alikuwa karibu sawa naye. Hakuna mstari, alisema. Mngekuwa na mstari kama urefu ungetoka kwenye jeni moja, mngesimama makundi mawili au matatu. Lakini urefu unatoka kwenye jeni nyingi sana, kila moja ikiongeza kidogo au ikipunguza kidogo, na chakula na maradhi vikitia mkono wao, ndiyo maana mmemwagika hivi. Rangi ya ngozi nayo ni hivyohivyo. Tuliporudi ndani akatupa vibakuli na maharagwe, mekundu ya kuongeza weusi na meupe ya kuupunguza, tuchote bila kuangalia nusu ya kibakuli cha baba na nusu ya kibakuli cha mama, tuone mtoto anayepatikana. Karibu watoto wetu wote walikuwa wa katikati. Mwenzangu mmoja akachota, na mkononi mwake yakatoka karibu yote meupe, kutoka kwa wazazi ambao kila mmoja alikuwa na mekundu ya kutosha. Darasa likacheka. Mimi nilijisikia kama niliyeitwa jina.

Niliongea na Faida, naye akamwomba Okot aje. Alikuja Jumapili baada ya chakula cha mchana, akakaa mkekani bila gwanda, shati jeupe limepigwa pasi. Mtoto alilala kitandani nyuma ya pazia. "Shemeji," aliniambia, "nasikia wewe nasoma mambo ya damu." Nilimwambia si damu hasa, nikaweka mbele yake mabakuli mawili ya Faida yenye maharagwe, moja la baba na moja la mama. Nilianza vibaya. Nilisema, "Sifa moja ya mtu inaweza kutokana na jeni nyingi," naye akainua macho haraka, akauliza, "Sifa? Huyu Sifa?" Ikabidi nieleze kwamba nilimaanisha sifa kama urefu, kama rangi, wala si mwanawe. Faida akatabasamu kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Nikamwonyesha bakuli lake, mekundu mengi na meupe machache, nikamwambia kwamba hayo meupe anayo ingawa hayaonekani usoni pake, ameyapata kwa bibi na babu ambao hata hawajui, na kwamba hawezi kuchagua yapi atampa mtoto. Nikamwambia achote kwenye yote mawili.

Alichota kwa uangalifu wa mtu anayetegua bomu. Mtoto wa kwanza akatoka wa katikati. Akarudisha, akakoroga, akachota tena; wa katikati, akielekea kwake. Tena. Alianza kuwapa majina, huyu ni kama kaka yangu, huyu ni Faida kabisa. Uso wake ulifunguka. Kisha, nilipokuwa nimekwisha kukata tamaa ya kumpata mtoto mweupe, alifungua kiganja na ndani mlikuwa na meupe, jekundu moja tu katikati yao. Aliyaangalia muda mrefu. Nje mtu alikuwa akitwanga karanga.

"Kwa hiyo inaweza," alisema.

"Inaweza," nikamjibu.

"Na hii maharagwe inasema huyu iko wangu?"

Faida alikuwa akinitazama. Ningeweza kusema ndiyo. Nilikuwa msomi pekee katika chumba kile, na mtu yule angenisadiki. Lakini nilikuwa kijana, na nilikuwa nimefundishwa juzi tu tofauti kati ya kinachowezekana na kilichotokea, nikaiona tofauti hiyo kuwa kitu kitakatifu. "Hapana, shemeji," nilisema. "Yanasema rangi yake haimkatai. Mengine anayejua ni mkeo, na amekwisha kukuambia."

Okot aliyarudisha maharagwe bakulini moja moja. Akainuka, akafungua pazia, akamchukua mtoto.

Ilifuata wiki moja ambayo ninaitaja kwa tahadhari, kama mtu anayebeba yai. Alikuwa na ruhusa, akakaa. Juu ya ukuta nilimsikia akimwimbia Sifa kwa Kiacholi, nyimbo fupi zenye maneno machache, na Faida akijaribu kuitikia na kuyakosea maneno. Walinigongea mwiko kila jioni. Tulikula ndagala na bugali, Okot akimlisha mwanawe mchuzi kwa ncha ya kidole hali mtoto hajafikia kula, na Faida akimkaripia. Okot alisema mama yake anakuja kutoka Gulu kumwona mjukuu na kumpa jina la kwao. Faida alinunua kitenge kipya akamshonesha mtoto gauni kubwa kuliko mwili wake.

Mama yake alikuja, mwanamke mwembamba aliyechoshwa na safari. Vita vya kaskazini vilikuwa vimekwisha kumchukulia watoto, Okot ndiye aliyebaki wa kiume. Alipokelewa kwa chai na mayai. Aliwekewa mtoto mapajani. Hakusema neno baya; kwa kweli hakusema neno lolote, alimtazama tu, akamshika sikio, akamrudisha kwa mama yake taratibu, akaomba maji ya kunywa. Walizungumza Kiacholi yeye na mwanawe mpaka jioni, na hapo pengo la ukuta halikunisaidia kitu. Neno moja nililolingojea, jina, halikutoka. Kesho yake aliondoka. Nimemlaani mwanamke yule kwa miaka, kisha nilipozeeka nikaacha. Alikuja akitafuta uso wa waliokufa katika uso wa mtoto, hakuuona.

Okot alikaa siku chache zaidi bila kuimba. Asubuhi alipoondoka alinikuta bombani, begi lake begani. Alinisalimu kwa heshima kama kawaida yake, kisha akasema, "Shemeji, wewe ulinionyesha inaweza. Mimi nilikuwa nataka mtu aniambie iko." Nilimwambia Faida amemwambia. Akasema, "Najua," akainama kidogo, akaenda. Alikuwa ameomba uhamisho. Tulisikia yuko kaskazini, halafu tukasikia ameoa huko. Hakurudi Wandegeya.

Faida hakunilaumu ila mara moja, tena si kwa lawama hasa. Tulikuwa tunachambua majani ya muhogo. "Dada Koku," alisema bila kuinua macho, "si ungemwambia tu ndiyo?" Nimefundisha baiolojia katika shule za mji huu karibu maisha yangu yote. Siku hizi wanaume wanapeleka mate na nywele za watoto wao maabara kama watu wanaopeleka redio kwa fundi, na wazazi hunifuata baada ya mkutano wa shule na swali lilelile la Okot wakilivalisha nguo tofauti. Kila mara nawapa jibu nililompa yeye, na kila mara nasikia majani ya muhogo yakikatwa. Sijui kama ndiyo yangu ingemrudisha. Mtu anayeishi kwa neno la jirani ataondoka pia kwa neno la jirani.

Mwaka ulipoelekea kuisha, rangi ya Sifa ilikuja. Ilikuja yenyewe bila jua wala mafuta, kwanza vidoleni, halafu mabegani, mpaka siku ya mahafali ya wenzetu wa mwaka wa tatu, tukiwa tumesimama barabarani kuwatazama, niligundua kwamba nimembeba mtoto wa rangi ya mama yake kabisa, na mikono yake ilikuwa imeipita. Nnalongo naye aliona, akasema kwamba yeye alijua siku zote. Faida alimtumia Okot ujumbe kupitia askari wenzake. Haukujibiwa. Nilimwona akikaa na mtoto pale kwenye ngazi, sasa ndani ya kivuli, akimtazama mwanawe kama mtu aliyeletewa barua ya mtu mwingine. Muhula uliofuata nilihamia hosteli. Tulibaki marafiki, kwa namna ya watu wa mji mkubwa, yaani tuliendeana kwenye misiba na ubatizo.

Haya yote yalinipita kichwani pale Katwe, chai ikinipoa, mpaka Sifa alipokuja kukaa kando yangu na kunyoosha miguu yake mirefu. Wageni walikuwa wamepungua. Aliniambia jambo ambalo mama yake hakuwahi kunisimulia. Mwaka uliopita Okot alifariki, na kabla ya kuzika ukoo wake ulimtafuta Sifa, kwa sababu mgonjwa alikuwa amesema kuna mtoto Kampala. Walimtaka apimwe kwanza. Alikwenda. Alipelekwa chumba cha maiti, akasimama kando ya baba yake, akachukuliwa mate yake, na hiyo ndiyo siku pekee anayokumbuka kumwona.

"Alikuwa mfupi," Sifa alisema. "Maisha yangu yote nilifikiri urefu huu ni wake. Kumbe hata yeye nimempita, na mama nimempita. Sijui umetoka wapi."

"Kwa wote wawili," nikamwambia. "Kidogo kidogo."

Aliitikia kwa kichwa. Majibu yalitoka ukoo ukiwa umekwisha kuzika: Okot alikuwa baba yake. Walimpigia simu kumkaribisha, wakamwambia sasa watampa jina. Alitoka kazini mbio, akapanda boda kuja hapa, mama yake wakati huo akiwa amekwisha kuwa wa kitandani. Alipiga magoti, akamwambia, Mama, wamepima, imeonekana, mimi ni wake.

"Nilidhani atalia," Sifa alisema. "Nilidhani ataniambia asante Mungu. Aliniangalia tu. Akasema, 'Hiyo ni jibu ya maulizo yabo. Mie sikukuwa na maulizo.' Halafu akaniomba nimgeuze upande wa ukuta, alikuwa amechoka kulalia ule mmoja."

Nilimshika mkono. Nje fundi mmoja, labda mgeni asiyejua kwamba pana msiba, alianza kugonga bati, akanyamazishwa na wenzake. Sifa aliinuka, akauliza ni nani bado hajapata chai.